Matone Kumi

Tangu Oktoba boti imelala kifudifudi gerejini,
futi kumi na sita juu ya matairi manne ya lori,
na gari letu linalala nje, linafukiwa na theluji.
Marlys hasemi kitu. Kila alfajiri anakwangua kioo
kwa nguvu kupita inayohitajika.

Hapa Baraga ziwa limeganda hadi mdomoni mwa ghuba.
Wenzangu wanaliendea kwa miguu, wanatoboa shimo, wanakaa.
Mimi nimeshika mashine ya msasa.

Vumbi la faibaglasi halina adabu:
linapita barakoa, linapita shati la sufu,
linawasha kiwiko, linawasha shingo, linawasha
pale ambapo mkono haufiki na mke amelala.
Oga maji baridi, alisema Deloris jirani,
ya moto yanafungua ngozi na kulikaribisha.
Nilioga ya moto.
Asiyesikia la mkuu hujikuna guu.

Chini ya nyeupe kuna kijani.
Chini ya kijani, ile buluu ya baba,
aliyoinunua kwa bei ya chee maana hakuna aliyeitaka,
akapaka boti, akapaka mlango, akapaka kibanda cha mbwa.
Nikapiga msasa polepole,
kama mtu anayefungua barua isiyo yake.

Kisha ubavuni, karibu na tezi, msasa ukabadili sauti.
Kiraka. Kipana kama sahani,
kimevimba katikati, kimejaa malengelenge,
na pembeni, ndani ya resini iliyogandia,
alama ya dole gumba.

Si langu. Nililipima.
Ni la Arvo, ndugu yangu, kiangazi kile cha mwamba wa Pequaming,
nilipokuwa mimi usukani
na nikasema ni yeye.
Baba hakupiga kelele. Alimpa ndoo na kitambaa cha nyuzi za kioo,
akamwambia: aliyetoboa azibe.
Arvo alinitazama. Akaziba.
Miaka kumi na mitatu alikuwa nayo. Hakusema, wala mimi,
na kule kutosema kukakauka kugumu kuliko resini.

Nimekwenda tezi, nimekwenda omo, miaka arobaini na mmoja,
na marejeo ni ngamani.
Siku nilipoigeuza boti, mlimwagika humo
maji meusi, sindano za msonobari,
kizibo cha bia, na chubwi moja
ambayo sote wawili tuliwahi kuitafuta.

Resini yangu nayo inakataa.
Nje nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, hita inakoroma bure.
Nikaongeza kigandishi, nikaongeza tena,
ikafuka moshi kikombeni, ikapasuka
kama barafu ya Machi.
Marlys, mlangoni, kahawa mkononi:
"Yuko mtu Duluth anayajua hayo."

Simu iliita mara sita.
"Arvo. Ni mimi. Nauliza habari ya kigandishi."
Kimya. Nyuma yake televisheni, mpira wa magongo, watu wanazomea.
"Kikombe cha ukubwa gani?"
"Cha kahawa. Nusu."
"Matone kumi. Si ishirini. Wewe siku zote unazidisha.
Na usipashe hewa, pasha boti. Weka taa chini yake."
"Nimekiona kiraka chako."
Mtu alifunga goli.
"Kilivuja?"
"Hata siku moja."
"Basi usikiguse," akasema. Halafu: "Unapaka rangi gani?"

Nimeusawazisha ubavu wote
hadi kiganja kinapita bila kukwama,
isipokuwa mahali pamoja, karibu na tezi.
Hapo buluu haitalala sawa.
Jua la Juni likija kwa upande
litaonyesha mbonyeo mdogo,
upana wa kidole cha mtoto.

Neno lenyewe bado sijalisema.
Atakuja barafu ikivunjika, ati kuangalia injini.
Nimewasha taa chini ya boti. Nainamisha chupa:
nane,
tisa,
kumi.
Naiweka chini.