Deni la Saa Mbili na Nusu

Ufunguo wa koki una urefu wa mkono wangu
na uzito wa mtoto anayeanza kutembea.
Zungusha kushoto, Masasi wanaoga.
Zungusha kulia, Nachingwea wanapika.
Ukiuacha katikati
bomba linakoroma tu, kama mlevi mlangoni.

Chemchemi ni moja. Wilaya mbili, mikoa miwili,
na mimi, Dunstan Chilumba, ninayelipwa na wote
na kutukanwa na wote.
Ratiba nimeibandika ukutani kwa uji wa muhogo:
Jumatatu huku, Jumanne kule,
Jumapili ni ya yule aliyelia zaidi wiki nzima.

(Gari la kunyonya vyoo nalo ni moja,
wanagawana vilevile.
Hilo sijawahi kusikia likigombewa zamu
mpaka shimo lifurike.)

Usiku wa Jumanne, saa tisa, simu.
Shemeji yangu: Mama ametutoka.
Maji ya kumwosha hatuna. Pipa limebaki tope.
Mama, yaani mkwe wangu, Hilda Namkaa,
ambaye hakunipenda mpaka mwaka wa saba,
na mwaka wa nane akanipa jogoo, bila neno.

Zamu ilikuwa ya Nachingwea.
Niliyasikia maji yakienda kwao gizani,
kwenye ndoo zilizopangwa tangu jioni
kama wagonjwa wa zahanati,
na jiwe pale ambapo ndoo ilikosekana.

Sikuomba ruhusa. Nani angekuwa macho?
Nilizungusha kushoto.
Chuma kililia. Kikanyamaza.
Kisha mvumo, upande wa pili.

Saa mbili na nusu.
Niliziandika kwenye daftari la mwanangu,
nyuma ya jedwali la kuzidisha:
Masasi wanadaiwa na Nachingwea.
Sababu:
Hapo nikapaacha wazi.

Kulipokucha, mabomba ya Nachingwea
yalitoa upepo na kikohozi.

Alasiri, jeneza likiwa tayari juu ya kamba,
akafika Somoe Likapa, mtani wetu, Mmwera,
kwa bodaboda kutoka Nachingwea,
ndoo tupu ameivaa kichwani kama kofia ya chuma.
Akapita katikati ya wanakwaya.
Akaketi ukingoni, miguu ikining'inia kaburini.

"Hazikwi mtu hapa!
Bibi huyu kaondoka na maji yangu.
Yeye kaogeshwa mpaka nyuma ya masikio,
mimi nimenawa uso kwa mate.
Nyie Wamakua, hata maiti zenu zina tamaa!"

Padri aligeukia upande mwingine, mabega yakimtikisika.
Mke wangu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu usiku,
alicheka mpaka akapiga magoti,
na kicheko kikapinda njiani,
kikawa kile tulichokuwa tukikingoja.

Nikatoa daftari.
Somoe akasoma, kidole kikifuata mstari.
Akaomba kalamu. Penye sababu akaandika: Mkwe.
Akanitazama.
"Mwizi wewe," akasema, taratibu, si kwa utani.
Kisha: "Ningekuwa mimi, ningefungua saa tatu."
Akatoa mguu mmoja kaburini. Akasubiri.
Nikatia noti ndani ya ndoo. Akatoa wa pili.

Desemba, siku ambayo mwali wake alitolewa ndani,
simu ililia kibandani.
Hakusalimu.
"Saa mbili na nusu zangu."
Nilizungusha kulia.
Nyuma yake nilisikia ngoma, na wanawake,
na maji yakigonga sufuria tupu, moja, nyingine, nyingine.
Masasi walinipigia mpaka betri ikaisha.

Mita ya chemchemini haikuona tofauti.
Ilisoma lita zilezile.

Nilikata mstari ule kwa wino mwekundu.
Wiki iliyofuata mwanangu akaja na daftari,
anataka kujua ni nani amechorachora
nyuma ya saba mara nane.