Kulwa na Doto, Nyanguge

Nimefika Nyanguge tangi likisoma sifuri,
taa ya njano ikinikonyeza tangu Kisesa.
Nilijiambia: si naenda sheli? Nitajaza huko huko.

Sheli inang'aa.
Altaf, mjukuu wa mwenyewe, ameitoa kwenye magugu
kama mtu anavyong'oa jino la mtoto: taratibu, kwa uzi.
Bati jipya. Chokaa. Sakafu imesuguliwa
hadi doa la oili la miaka sitini limebaki kivuli,
ramani ya kisiwa kisicho na watu.
Kibao kinataja bei ya galoni kwa shilingi na senti.
Nikacheka peke yangu.

Na pale katikati, yenyewe.
Pampu ya mkono, shingo ndefu,
kichwani chupa mbili za kioo.
Kulwa na Doto, baba alivyoziita,
maana mmoja akijaa mwenzake anamimina,
wala hawakuwahi kushiba pamoja.

Baba alisukuma mpini ule miaka kumi na tisa.
Bega lake la kulia lilikuwa la mtu mwingine,
mtu aliyemzidi mwili; kila shati lilimkaa upande.
Malori ya pamba yalipanga foleni hadi konani,
utingo wamelala juu ya marobota, nyuzi nyeupe kwenye kope,
na yeye: vuta, sukuma, nusu galoni, nusu galoni,
akihesabu kwa Kisukuma
asije akapotezwa na wanaohesabu kwa kelele.

Mwaka mafuta yalipoadimika
aliendelea kuja kila asubuhi. Alifuta vioo,
akakaa juu ya debe.
Mama akamuuliza: unalinda nini?
Akasema: nalinda zamu.

"Pampu imerudishiwa wekundu wake wa asili,"
ananieleza Nyanzala, binti wa mapokezi,
anayeuza kahawa, soda na maelezo.
Ilikuwa ya kijani. Baba aliipaka mwenyewe,
kwa rangi iliyobaki ya mlango wa jineri.
Sikubisha. Nikashika mpini, nikasukuma.
Umelegea. Unapanda, unashuka, haubebi kitu,
kama mkono wa anayeaga basi lililokwisha kuondoka.

"Nijazie lita ishirini," nikasema.
Nyanzala akacheka, kisha akaona sicheki.
"Dada, hapa hatuuzi mafuta. Hapa ni kumbukumbu.
Mafuta nenda Magu."
Magu! Kwa tangi hili?

Altaf akatoka, mkono kiunoni, akapiga simu.
Tukangoja chini ya bati lake jipya.
Wao walikaa kwenye viti. Mimi niliomba debe.
Malori yalipita bila kupunguza mwendo,
na ng'ambo ya majaruba ya mpunga
ziwa lilikuwa kipande chembamba tu,
kama wembe uliosahauliwa dirishani.

Pikipiki ikaja na chupa mbili za maji,
ndani mafuta, rangi ya mkojo wa asubuhi.
Kijana akamimina ya kwanza. Harufu ikapanda,
ikaruka kahawa, ikaingia ofisini,
ikapapasa mbao moja moja,
na kwa mara ya kwanza siku ile
pale pakawa sheli.

Altaf alifumba macho. Nyanzala akaacha kueleza.
Mimi bega la kulia likaniwasha, sijui kwa nini.

Ya kwanza ikaisha. Nikanyoosha mkono:
"Haya, sasa Doto."
Kijana akanitazama.
"Mimi naitwa Bahame," akasema,
"na ni elfu kumi na mbili."