Swali la Kumi na Moja

Fomu yetu ya mapokezi ina maswali kumi na manne.
Jina. Umri. Uzito. Alianza kukohoa lini.
La kumi na moja linauliza:
nyumbani mnaota moto wa nini?

Nimeliuliza tangu Novemba, usiku kwa usiku,
ghorofa ya tatu, wodi ya watoto,
vitanda ishirini, wagonjwa thelathini na wanane,
wengine tumewalaza mzungu wa nne.
Kila kifua kinapiga filimbi yake,
hakuna kinachomsubiri mwenzake.

Nje ni digrii thelathini na nne chini ya sifuri.
Ulaanbaatar imekaa bondeni, na bonde ni sufuria:
hewa ya baridi imelala chini, nzito,
ya vuguvugu imeiketia juu, kifuniko,
na sisi tumo humo ndani
tunakaushwa kwa moshi kama nyama ya akiba.
Dereva wa basi anakitafuta kituo kwa kukumbuka.

Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema.
Haya yetu tumeyatengeneza wenyewe, gunia kwa gunia,
na hayanyeshi.

Zamu ikiisha napanda mlimani,
kwenye hema letu la sufu, la mwisho kabla ya makaburi.
Mama mkwe Dulmaa ameamka tangu saa tisa kulisha jiko.
Likizimika, maji ya ndoo huganda kabla hujavaa soksi.
Yeye alikuwa mfugaji.
Majira yale ya baridi kali mbuzi wake mia tatu
walikufa wamesimama, wametazama upande mmoja.
Akapakia jiko kwenye lori, akaja mjini.
“Baridi naijua,” huniambia,
“inaingia bila hodi, inaua usiku mmoja, inakwenda.
Huyu moshi ni mgeni wa aina nyingine.
Siku ya tatu tulipaswa kumpa jembe.
Tukampa kitanda.”

Mwanangu Tuguldur ana barakoa yenye uso wa dubu.
Jioni naifua.
Maji yanakuwa chai.

Halafu ni usiku wangu wa mapumziko, nami nalala macho,
nasikiliza jiko kwa sikio hili, mtoto kwa lile.
Nikichochea moto, nachochea kikohozi.
Nikiuacha ufe —
lakini hilo silimalizi, naamka, nachochea.
Nani alinikabidhi mizani hii
yenye sahani mbili na jiwe moja?

Jana aliletwa mtoto wa wiki saba,
amefungwa ndani ya koti la baba yake,
midomo rangi ya zambarau.
Mama anaitwa Byambasuren, hajafika miaka ishirini.
Daktari alimchukua mtoto, mimi nikachukua kalamu.
Jina. Umri. Uzito.
Alijibu kama mtu anayehesabu chenji gizani.
Tulipofika la kumi na moja
aliinua uso, akavuta pumzi kidogo upande wangu.
“Makaa ya mawe,” alisema. “Kama wewe, dada.
Nayasikia kwenye nywele zako.”

Nilikuwa nimeziosha mara mbili.

Nikaandika: makaa ya mawe.
Kisha pembeni, pasipo na kisanduku,
nikaandika kwa herufi ndogo: na muuguzi pia.
Sijui nilimwandikia nani.
Kulipokucha nilikuta daktari amepakata kwa mstari,
mstari ulionyooka, wa rula,
bila neno.

Mashine ya oksijeni ilisoma themanini na nne,
themanini na saba, ikarudi themanini na sita.
Byambasuren hakuitazama. Alitazama kifua,
kilichokuwa kinabonyea chini ya mbavu
kama mfuko wa plastiki unaonyonywa na upepo.
Saa kumi na mbili ilisoma tisini na moja.
Akauliza kama sasa anaweza kumrudisha nyumbani.
Nyumbani wapi, nilitaka kusema.
Nilisema: bado.

Nikashuka. Nikapita dukani.
Nilinunua gunia moja, lile la bei nafuu.
Muuza makaa alikuwa anakohoa,
akasubiri kikohozi kipite ndipo anirudishie chenji.
Hatukuulizana.