Tezo ya Jumberi

Jumamosi, Tbilisi. Baridi inauma vidole,
na Daraja Kavu limetandikwa mablanketi:
medali za majeshi yaliyovunjwa,
visahani vilivyofiwa na vikombe,
kamera zisizofumbua jicho tena.
Mimi napita. Nafuata harufu ya kutu.

Lamara ameketi juu ya kreti,
mbele yake vyuma vya marehemu Jumberi.
Nachuchumaa.

Kutu si moja.
Ipo nyekundu, ya vumbi, inayotoka kwa ukucha
kama unga wa pilipili; hiyo ni nguo tu,
chuma kimejifunika.
Na ipo nyeusi, yenye magamba,
inayotafuna kimya kimya mgongoni mwa patasi,
na pale makali yanapotakiwa kuzaliwa
inaacha ndui.
Utasugua kinoo mpaka kiishe, ndui zipo.

Natoa tupa ndogo mfukoni.
Patasi ya kwanza: tupa inazama kama kwenye jibini. Hapana.
Ya pili ncha yake ina samawati ya shingo ya njiwa:
mtu aliinoa kwa mashine, kwa pupa, akaiunguza.
Ukiipeleka kwenye mwaloni itakunja midomo.
Ya tatu tupa inateleza, inalia kiii.
Naam. Hii naibana kwapani.

Randa naigeuza chali.
Imeoza rangi, mpini umeliwa na wadudu,
yote hayo yana dawa.
Nachungulia pembe ya mdomo wake: ufa,
mwembamba kama unywele kwenye sabuni.
Ufa hauna dawa. Nairudisha.

Gizo, wa blanketi la pili, ananipungia.
Randa yake imepakwa kijani mbichi, inameremeta.
Kizuri chajiuza, ndiyo;
hiki kimepita kwanza kwa msusi.
Kidole changu kinatambaa chini ya rangi
na kukwaa kovu la kuchomelea.
Namtakia biashara njema.

Halafu tezo.
Haina mpini. Kutu tupu, kama mkate ulioungua.
Naitundika kwenye kidole kupitia tundu lake,
naigonga kwa ufunguo wa nyumba,
na inaitika.
Mlio mrefu, mwembamba, usiokwaruza.
Watu wawili wanageuka.
Ubavuni, mstari: chuma kigumu kimelazwa juu ya laini,
vikaunganishwa motoni na mkono uliojua.

“Lari kumi,” anasema Lamara, hata hatazami.
“Alichongea mahodhi ya kukanyagia zabibu.”

Kumi!
Nina hamsini na tano mfukoni,
na ulimi wangu, ambao sijawahi kuupata kinoo wala ala,
unasema: “Mama, hii si ya kumi.
Sikiliza.” Nagonga tena.

Anasikiliza mpaka mlio unapoishia mtoni.
Anainyakua, anaifuta kwa ncha ya skafu,
anaigonga kwa pete. Mara moja. Mara tatu.
“Mia mbili,” anasema.
Naanza kuhesabu nani wa kunikopesha.
“Hapana,” anasema. “Haiuzwi.”
Anaitia ndani ya koti, upande wa moyo,
kutu na yote.

Nimerudi na patasi ya lari nne
na randa yenye ufa, aliyonipa bure,
“kwa ajili ya mdomo wako,” alisema,
sijui alikusudia wa nani, wangu au wake.

Patasi inalala kwenye siki, inatoa mapovu.
Randa nimeiweka chini, karibu na kizingiti.
Inazuia mlango wa karakana usibamizwe na upepo,
na kazi hiyo inaifanya vizuri.