Kuoanisha

Kadi ya waifai ilikufa Jumanne,
haikuugua, ilizimika tu kama balbu.
Fundi wa Kariakoo akaipindua kompyuta tumbo juu,
akaiwasha, akaona Linux,
akanirudishia haraka
kama mtu aliyepakatishwa mtoto akalowa.
"Hii ya wenyewe, dada. Weka Windows ndo tuongee."

Sikuweka.
Usiku huu Buguruni umeme upo, yuniti nne na nukta,
na rufaa ya mkopo ya Nyamizi, kurasa tatu nilizomchapia,
mwisho wake saa sita.
Bando limo kwenye simu.
Barua imo kwenye kompyuta.
Kati yao pana shubiri moja ya meza
na hawajuani.

Nikalitoa daftari la kaka, Zamoyoni,
mwandiko wake ule unaolalia kushoto.
Mashine aliziandika kwa ngeli ya watu:
*Mwamshe. Mwambie aonekane. Kisha mwite mwenzake.*

Nikaandika amri ya kutafuta.
Nyumba nzima ikajitaja kupitia kuta:
Spika ya Mangi.
Redio Chumba Tatu.
MAMA SHUFAA USIGUSE.
Kingine hakikuwa na jina, namba tupu,
kilikuwa kinapita barabarani, kikafifia.
Miaka mitano tunachangia bomba na choo
sikujua Mama Shufaa ana vya masikioni.
Kumbe zile hodi zangu hazisikii kweli.

*Kuoanisha*, skrini ikasema.
Aliyelitafsiri neno hili alikuwa na mzaha wake.
Basi nikawa mshenga, na kanga yangu begani.
Namba sita huku, namba sita kule,
zinafanana?
Zinafanana.
Simu ikasema ndiyo.
Kompyuta ikasema imeshindwa.
Mara tatu! Posa gani hii,
bibi harusi kakubali, bwana anazimia mlangoni.

Daftari, jalada la nyuma:
*Akigoma usimlazimishe. Mfute amsahau, muanze upya.*

Nikafungua orodha ya anaowajua.
Ni wawili.
Simu yangu.
Simu ya Zamoyoni: haipo karibu.

Haipo karibu.
Alisema Tunduma, siku nne, anafuata mzigo.
Hiyo ilikuwa Machi, sasa miembe ya jirani imeshapukutisha maua.
Kila ninapoiwasha, kompyuta hii
huwaita kwanza inaowajua, sekunde kadhaa,
halafu hunyamaza na kuendelea na kazi.
Mimi nilikuwa sijui.

Nikafuta yangu. Yangu tu.

Tukaanza upya: namba sita, namba sita,
ndiyo, ndiyo,
wakashikana.
Na bado hakuna intaneti.
Nikasonya peke yangu mpaka nikakumbuka
kuoana siyo kula sahani moja:
simu nayo lazima iridhie kugawa bando lake.
Nikapapasa mipangilio, nikabonyeza,
alama ndogo juu ya skrini ikageuka buluu.

Barua iliondoka saa tano na dakika hamsini na moja,
polepole, kama mtu anayebeba maji kwa kikombe.
Nikamtumia Nyamizi ujumbe: imefika, lala.
Yuniti tatu zimebaki. Mangi kazima spika yake.

Nikachukua kalamu nyekundu, ile ya madeni,
nikaandika pembeni ya hatua ya nne:
*Na simu iruhusiwe kugawa intaneti.
Hii hukuiandika, Zamoyoni.
Ukirudi tutagombana.*