Manjano Yasiyotiwa Manjano

Sakina alishuka Wete na sanduku moja
na fundo katika pindo la leso.
Nikadhani ni nauli ya kurudia kwao.
Mama mkwe hukisia hivyo, Mungu anisamehe.
Yalikuwa maharage, meusi, yanang'aa kama macho ya komba.
"Kwetu Lushoto," akasema, "haya hupanda."
Nikamjibu: kwetu Konde hupanda watu,
tena kwenye mikarafuu.

Ya kwanza aliyatia mwezi wa pili.
Jua likala maua yote.
Hakulia. Aliyafagia pamoja na majani ya mfenesi,
akangoja kipupwe.
Akachagua pembe ya uwa, nyuma ya choo, penye kivuli cha migomba,
akamwaga jivu la makumbi
na samadi ya ng'ombe wa Mzee Shaame,
akachomeka fito za mkandaa zilizobaki
tulipoezeka jiko.
Wiki tatu sikukanyaga upande ule.

Nilipokwenda, mche umeshashika ufito,
unauzunguka kinyume na saa ya msikitini.
Nikaona si adabu.
Nikaukunjua taratibu, nikauzungusha upande wa saa,
nikaufunga kwa ukindu.
Alfajiri, maji ya udhu bado mikononi,
nikaukuta umejitoa, umerudi ulikokuwa.
Nikaufunga tena. Ukarudi tena.
Mara ya tatu nikageuka:
Sakina yupo mlangoni, kashika ndoo.
Hakusema neno. Nami sikusema.
Ule ukindu nikafungia mchicha.

Yakazaa, marefu kama kalamu, na rangi ile!
Bikombo kachungulia juu ya makuti:
"Shoga, yameungua hayo. Yang'oe."
Bwana shamba akasimamisha pikipiki,
akageuza jani, akasema upungufu,
akataja dawa ya chupa na bei yake.
Mtoto wa Bikombo akasema ni homa ya manjano.
Mimi mwenyewe usiku nikampigia Faki, Tanga:
huyu mkeo anajua afanyalo?
Faki akacheka mpaka vocha ikaniishia.

"Yamezaliwa hivyo, mama."
Akavunja moja. Kha!
Maji yakamrukia kwenye kope.

Ijumaa akaniomba jiko.
Nikampa jiko, sikutoka jikoni.
Nikakaa juu ya mbuzi, nikakuna nazi mbili
kwa kelele kuliko haja.
Yeye akakata ncha, akavuta uzi ubavuni mwa kila moja,
uzi mrefu, kama anayefumua nguo
aliyoishona mwenyewe.
Kitunguu. Pilipili mbuzi moja, nzima, isipasuke.
Tui jepesi kwanza, mpaka yalainike bila kulegea,
kisha tui zito, na mwiko usisimame.
Mkono wangu, kwa mazoea ya miaka hamsini na tatu,
ukaliendea kopo la manjano.
Akalisogeza kopo. Kwa kidole kimoja. Inchi mbili.
Jikoni kwangu!
Neno lilikuwa ulimini tayari,
nikatazama chungu kwanza:
tui jeupe, na ndani yake rangi ile haikukimbia,
haikufifia kama kijani kinavyofifia kikiona moto.
Manjano yasiyotiwa manjano.
Nikakamua ndimu.
Hilo alinikubalia.

Tulikula na wali, wawili tu, mkekani.
Nilikuwa nimeapa kuonja kidogo.
Chungu nilikipangusa kwa kidole
alipokwenda kuchota maji,
na nadhani aliniona.

Yale ya juu kabisa, mkono usikofika,
tuliyaacha yakauke kwenye ufito.
Upepo ukipita yanalia kama kayamba.
Jana Bikombo kaja kuuliza dawa niliyotia.
Nimempa mbegu tano, nikamfungia mwenyewe
katika pindo la leso yake.
Nikamwambia: chomeka ufito mapema,
ngoja baridi,
na mche usiufunze kuzunguka.