Hesabu ya Dole Gumba

Kidude chenyewe hakifiki hata nusu ya korosho.
Wamekibandika juu ya dole gumba langu la kulia
kwa utepe wa kidonda, waya ukaning'inia
mpaka kwenye kompyuta ya binti Millanzi.

"Tulia, mama Somoe. Usikisaidie kidole."

Ningekisaidiaje? Miaka ishirini na moja
mkono huu umebangua korosho hapa Newala,
maganda yakitema mafuta yake meusi,
majivu hayakutosha kuyazuia,
mpaka chapa za vidole zikafutika.
Siku ya kitambulisho mashine ilinikataa mara tatu.
Karani akauliza, "Bibi, una vidole kweli?"

Umeme ukaja, mdogo, kama siafu anayejaribu njia.
Kimya.
Akaongeza. Kimya.
Akaongeza tena, na dole likashtuka
nusu ya unywele. Mimi sikuona. Kidude kiliona,
na kwenye kioo mstari ukapanda ngazi moja.

Ngazi moja, akasema, ni neva moja na nyuzi zake:
nyumba yenye mama mmoja,
akiita wote wanaitika,
hakuna anayejifanya amelala.

Ya pili. Ya tatu. Nikahesabu naye
kama tunavyohesabu magunia mbele ya mizani,
macho kwenye mshale, nisiibiwe.
Kwa mkono mzima, akasema, ngazi ni nyingi, fupi fupi,
mtu huchoka kuzihesabu.
Zangu zilikuwa kumi na nne.
Na ndefu.

"Mbona ndefu?"

Kalamu ikasita. "Neva zikifa, nyuzi hubaki yatima.
Zilizosalia huchipua vitawi, huzifuata, huzilea.
Ndiyo maana mmoja akiita sasa, wanainuka wengi."

Nilicheka hadi mstari ukavurugika,
ikabidi tuanze upya kutoka siafu wa kwanza.
Maana kwangu wanalala saba mkekani
na niliowazaa mwenyewe ni wawili.

"Na huyo mama," nikauliza, "hachoki?"

Binti hakujibu. Akaandika 14, akapiga mstari chini yake.
Dawa? Bado hajui. Nirudi mwezi wa tisa,
wataangalia kama ngazi zimepungua.

Nje, baridi ya Juni ilikuwa inapanda kutoka Shimo la Mungu.
Kifungo cha sweta kilinishinda, mara ya kwanza, mara ya pili.
Akaja akakifunga yeye,
huku anatazama dirishani.